Kontena la Watoto Wasio na Dhambi

Kwa miezi minne ya maisha yangu, mimi mtu mzima mwenye ndevu, mkoba wa ngozi na cheti cha kidato cha nne, niliamini kwamba kontena lolote linalolala bandarini Kilindini siku tisini bila mwenyewe hupewa chekechea. Si shule ya msingi, si msikiti, si kanisa, si hospitali. Chekechea. Tena hugawiwa kwa kufuata umri, wenye watoto wadogo zaidi kwanza, kwa sababu mali iliyokosa mwenyewe haifai kupokewa na mkono uliokwisha kutenda dhambi. Hoja hiyo niliiona nzito kuliko nanga. Nilipoisikia mara ya kwanza nilijipiga paja kwa nguvu hata alama za vidole zikakaa wiki nzima, nikasema, "Ndiyo! Ingekuwaje vinginevyo?"

Aliyenipa habari alikuwa dereva wa lori, mtu wa Rabai, tuliyesoma naye masomo ya jioni. Miaka mitatu tuliketi dawati moja kwenye chumba cha watoto wa darasa la pili, magoti yamegota mbao, matumbo yamebanwa, tukisomeshwa mito ya Ulaya baada ya kutwa nzima ya kazi: yeye ya usukani, mimi ya kuhesabu magunia kwenye godauni la Shimanzi. Mtu uliyebanwa naye dawati moja kiasi hicho huwezi kumshuku. Yeye hesabu zilimwangusha, mimi nikafaulu, tena si kufaulu kwa kawaida. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama karatasi yangu upya. Na kufaulu huko ndiko kulikoniponza, maana siku matokeo yalipotoka kina mama wa mtaani kwetu walikuwa wamekwisha niteua kuwa mweka hazina wa chekechea kabla sijamaliza chai ya pongezi.

Chekechea yenyewe ilikuwa Mji wa Kale, chumba cha chini cha nyumba ya wakfu. Mwenye nyumba, aliyekufa zamani hata sura yake hakuna aijuaye, aliacha wasia kwamba chumba kile kisomeshewe watoto wa watu wasio na uwezo, kwa hiyo kodi hatukulipa. Waliianzisha kina mama wa kikundi cha mtaa. Walikuwa wamechoka kuona watoto wa miaka mitatu wakilelewa na dada zao wa miaka saba, au wakifungiwa ndani mama akienda kukaanga viazi karai barabarani. Tulikuwa na watoto arobaini, walimu watatu, na sufuria ya uji yenye kimo cha mtoto mwenyewe. Asubuhi wakianza kuimba herufi, paka wa mtaa mzima walihamia bandarini mpaka saa nne. Lakini walijifunza. Walitoka pale wakijua kuandika majina yao, kunawa mikono na kungoja zamu. Kungoja zamu ni elimu kubwa. Nawajua waheshimiwa ambao hawajaipata mpaka leo.

Mwalimu mkuu tulimwita Bi Mwalimu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba kama uzi wa kushonea, aliyeweza kuwanyamazisha watoto wote arobaini kwa kuinua nyusi tu. Mshahara wake na wa wenzake wawili, pamoja na unga wa uji na sukari, ulitoka kwa wafadhili wa ng'ambo. Kazi yangu ilikuwa kupokea, kugawa, kuweka risiti, na kila baada ya miezi mitatu kuwatumia picha za watoto wakicheka. Ilikuwa raha mustarehe. Nilijiona waziri wa fedha.

Kisha mwanzoni mwa mwaka ikaja barua. Bi Mwalimu aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Wasema tujitegemee," akaniambia.

"Tuanze lini?"

"Jana."

Kwa maneno mepesi, barua ilisema hivi: kufikia mwisho wa Agosti tuonyeshe kwamba theluthi ya gharama za mwaka tumeipata wenyewe, kwa ada ndogo ya wazazi na kwa wahisani wa hapa hapa. Tukiweza, wao wataendelea kutoa theluthi mbili kwa miaka mingine mitatu. Tusipoweza, wanatushukuru kwa ushirikiano mwema. Hayo ya ushirikiano mwema yaliniingia baridi mpaka kwenye mifupa. Mtu akikushukuru mapema hivyo, ujue amekwisha shika kitasa cha mlango.

Sasa, mgeni atasema: theluthi ni kitu gani? Nendeni kwa wazazi mkaidai. Mgeni huyo hajawahi kudai pesa Mji wa Kale. Kwetu huingii kwa mtu ukatoa shida yako kama unayemwaga maji. Nilianza na baba mmoja fundi seremala, mwenye mapacha kwetu.

"Salaam aleikum."

"Waaleikum salaam warahmatullah! Karibu, shekhe, karibu ndani. Habari za tangu juzi?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Nyumbani?"

"Salama."

"Watoto?"

"Wazima."

"Na mamako mkubwa, yule wa Malindi, jino lake?"

"Lilishang'olewa."

"Alhamdulillahi! Wewe, lete kahawa, jino la mamake mkubwa limeng'olewa!"

Kahawa ikaja, na kashata juu yake. Na ukishakunywa kahawa ya mtu, ni ulimi gani huo utakaotamka neno ada? Nilitoka pale nimekunywa vikombe tisa, nimefungiwa kilo mbili za mbaazi na nimeahidi kuhudhuria harusi ya mpwa wake. Niliporudi Bi Mwalimu alikuwa akinisubiri mlangoni.

"Haya, amelipa?"

"Jino limeng'olewa," nikamjibu.

Si kwamba watu walikuwa wagumu. Tuliwapelekea bahasha kupitia mikoba ya watoto, na hakuna bahasha iliyorudi peke yake. Moja ilirudi na mahamri, nyingine na maembe, nyingine na chupa ya achari. Bibi mmoja alimleta kuku mzima, naye kuku akakaa darasani siku mbili, na nadhani alijifunza kuhesabu. Haki ya Mungu, tungeweza kulisha meli na mabaharia wake. Lakini mwalimu hawezi kumlipa mwenye nyumba anayoishi kwa mahamri, hata yawe na iliki namna gani.

Aliyetuokoa, kwa muda ule, ni Bi Mwalimu mwenyewe. Aliniambia, "Wewe kaa na daftari lako, mwanangu. Haya zangu Jumatatu nitaziacha nyumbani." Kila Jumatatu asubuhi akaweka kiti mlangoni, akakaa na mkebe mtupu wa biskuti mapajani. Hakudai. Aliutazama mkebe, kisha akamtazama mzazi, kisha akainua nyusi. Wazazi waliokuwa wakisomeshwa naye utotoni, na walikuwa wengi, waliingiza mkono mfukoni kabla hawajajijua. Huyu hamsini, huyu mia, huyu ishirini na ahadi. Mama mmoja Mtaita, aliyehamia chumba cha juu mtaa wa pili, hakungoja hata mkebe: kila tarehe mosi alituma ada kwa simu, kamili, bila neno. Asubuhi alimfikisha binti yake mbio mbio, akatoa salamu mbili, akaenda zake. Mimi nilimwona hajafunzwa adabu za mjini. Sikuwahi hata kumuuliza afanya kazi wapi, maana kwangu mimi swali hilo huja baada ya salamu ya kumi, na yeye hakufika huko.

Kufikia Aprili tulikuwa na nusu ya ile theluthi. Nusu! Niliandika tarakimu ile kwa wino mwekundu nikapigia mistari mitatu chini.

Ndipo siku ya mvua, kwenye kibanda cha chai cha Shimanzi, malori yamepanga foleni kuanzia pale mpaka, kwa makisio yangu, mpaka wa Uganda, yule mwenzangu wa dawati akanivuta shati.

"Ndugu yangu, bado mwachangisha hamsini hamsini?"

"Tufanyeje?"

Akatazama nyuma, akasogeza kikombe. "Kuna makontena hayana wenyewe. Yakipita siku tisini, ni ya chekechea. Juzi mimi mwenyewe nimetoa bandarini viti vidogo hivi, vya rangi rangi, nikavishusha kwenye chekechea moja Kizingo. Nikamuuliza karani, hivi ni vya nani? Akasema, vya watoto hivyo. Wasikia? Vya watoto."

"Vya watoto," nikarudia, mwili umenisisimka.

"Kuna mpaka mafriji. Kuna vitambaa. Mnauza, mnalipa walimu miaka kumi. Nyinyi watoto wenu wana miaka mingapi?"

"Wadogo kabisa mitatu."

"Aa!" Akapiga meza. "Kizingo wanaanza na minne. Mko mbele yao! Andika barua nipe niipeleke. Lakini kaa kimya. Jambo kama hili likisikika, hasidi atalifukia."

Niliandika barua ile kwa Kiswahili cha mtihani, nikaigonga muhuri wa chekechea mara saba, na mwenzangu akaipeleka. Akaniambia ameiacha langoni kwa mtu mwenye sare. Mimi nilitosheka. Mtu mwenye sare si mtu mdogo.

Bi Mwalimu nilimweleza yote. Alikuwa akimenya machungwa ya watoto, hakuinua kichwa.

"Karatasi yoyote umeiona?"

"Dereva ameshusha viti kwa mikono yake, Bi Mwalimu."

Akamaliza chungwa, akachukua jingine. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Neno lile nilitembea nalo wiki nzima, kifua mbele. Leo nikilikumbuka sijui niuweke wapi uso wangu. Alikuwa amefundisha watoto miaka thelathini, na akauweka mkebe wake chini kwa sababu ya cheti changu.

Basi nikaita mkutano wa wazazi. Nikasimama, nikakohoa kikohozi cha kiofisi, nikatangaza kwamba kuanzia mwezi ujao ada imesimama. Hakuna kutoa kitu. Watu wakatazamana.

"Kuna heri inakuja," nikasema. "Tusiulizane."

Na hawakuuliza. Wasioijua Mombasa wanaweza kushangaa, lakini kwetu heri ya mtu hushikwa kama yai. Ukiiuliza sana unaipasua. Ukiisema kwa sauti, jicho baya limeshaifikia. Yule fundi seremala akainuka akasema, "Heri haichunguzwi, jamani, huombewa dua," tukaomba dua, tukala sambusa, tukatawanyika. Watu sitini, na hata mmoja hakuthubutu kusema, bwana wewe, hiyo heri ni kitu gani na itatoka wapi? Mama wa Kitaita hakuhudhuria, alikuwa kazini. Tarehe mosi ilipofika alituma ada yake kama kawaida, mimi nikamrudishia, nikamwandikia: Ada imesimama, mamangu, kuna heri. Akajibu: Sawa.

Na mimi sikukomea hapo. Alikuwapo mzee mmoja Mhindi, Mwislamu, mwenye duka la vitambaa, ambaye kila mwaka alitutolea kitu. Mwaka ule aliniita mwenyewe dukani, akanikalisha juu ya robota la kanga.

"Nimetenga fungu kwa ajili ya watoto wako," akasema. "Uji wa mwaka mzima. Nikupe sasa ama wiki ijayo?"

Msomaji, hapa ndipo pa kunifunga kamba. Niliweka mkono kifuani nikamwambia, "Mzee wangu, Mungu akulipe. Lakini sisi tumeshafunguliwa mlango. Mpe aliye na shida zaidi yetu."

"Mlango gani?" akauliza. Kisha yeye mwenyewe akainua kiganja. "Hapana, hapana. Mashallah. Sikuulizi." Na uji ule wa mwaka mzima ukaenda kwa chekechea nyingine ng'ambo ya Kisauni, na natumaini waliufurahia.

Nikaanza kujiandaa kupokea mali. Nilipima uchochoro wetu kwa leso ya Bi Mwalimu, nikagundua kwamba hata nusu ya kontena haiwezi kupita. Kwenye kona ya kwanza hata mwanamke mnene hupita ubavu ubavu. Nikaafikiana na mahamali wenye mikokoteni, sita kwa jumla, wakae tayari siku yoyote nitakayowapigia simu. Nikatoa kila kitu kwenye stoo yetu ili kuwe na nafasi: majamvi ya zamani, vibao vya kuandikia, vipande vya mbao vya watoto kuchezea ambavyo yule fundi alivichonga kwa mkono miaka iliyopita. Nikavigawa mtaani kwa ukarimu wa sultani. Bi Mwalimu alikuja akasimama mlangoni mwa stoo iliyo tupu.

"Na leo wakitaka kucheza?"

"Subira, Bi Mwalimu. Watachezea vya ng'ambo."

Siku ile watoto walicheza na vifuniko vya chupa. Na kesho yake. Na wiki iliyofuata.

Jumamosi zangu zote za Mei na Juni nilizipeleka kwenye lango la bandari. Nilivaa suruali iliyopigwa pasi na kubeba mkoba, nikajipanga nyuma ya mawakala na madereva, jua linanikaanga kama bajia. Nilipofika dirishani askari aliniuliza bila kunitazama.

"Kontena namba ngapi?"

"La chekechea."

"Namba."

"Namba bado hatujapewa."

"Basi ngoja upewe."

Nikalichukua jibu lile kuwa ahadi. Nilirudi nyumbani nikimwambia kila niliyekutana naye kwa jicho tu, bila mdomo, kwamba mambo yanakwenda. Wiki iliyofuata nikaenda tena, na nyingine tena. Mara ya nne yule askari alinijua, akaniita Bwana Chekechea na kunipisha kivulini. Lakini kontena halikuwa na namba, na mimi sikuwa na mlango mwingine wa kugonga. Mwenzangu wa dawati alikuwa njiani siku zote, leo Malaba, kesho Namanga. Nikimpigia simu husema, "Vuta subira, mambo ya serikali hayo," kisha mtandao hukatika.

Wafadhili wakaandika: wameona makusanyo yetu yamesimama tangu Aprili, je, kuna tatizo? Niliwajibu kurasa mbili juu ya chanzo kipya cha mapato, kikubwa, cha kudumu, maelezo kufuata. Hawakujibu, wala fungu lao halikuja tena. Nusu yetu ile ya theluthi, yenye mistari mitatu myekundu chini yake, tukaanza kuila: mshahara wa Mei, unga wa Juni. Julai uji ulikuwa mwepesi hivi kwamba mtoto mmoja alinawa nao akidhani ni maji ya mikono, na hapo sitii chumvi sana.

Nilijaribu kurudi nyuma. Nilikwenda kwa yule fundi nikiwa nimekaza moyo, nimeapa kwamba safari hii sigusi kahawa.

"Heri imefika wapi, shekhe?" akaniuliza, uso umejaa matumaini kuliko wangu.

Ningemwambia nini? Kwamba haipo? Mimi mwenyewe sikuwa najua kwamba haipo. Kwamba imechelewa, kwa hiyo atoe hamsini? Mtu aliyewaambia watu sitini waache kutoa, arudi mmoja mmoja kuwaambia watoe? Nilinywa kahawa. Nikarudi na kilo moja ya mbaazi, maana mambo kwake pia yalikuwa yamebana.

Naye Bi Mwalimu alikiweka tena kiti chake mlangoni Jumatatu, na mkebe wake. Wazazi walipita wakitabasamu, wakamwambia, "Mwalimu, usijisumbue, twajua kuna heri." Nyusi zake hazikufua dafu. Na haikupita wiki mbili kabla sijasikia, kutoka kwa kinyozi wangu, mkasi uko shingoni mwangu, kwamba kontena lilishafika zamani: mweka hazina kalipokea, kaliuza Nairobi, na sasa anajenga Mtwapa. Mimi, niliyekuwa nikitembea kwa miguu kutoka Shimanzi ili kuokoa nauli! Nilicheka mpaka kinyozi akanisihi nitulie asinikate. Nilipofika nje sikuwa nacheka tena.

Mwalimu mdogo kuliko wote alipata kazi kwenye shule moja ya kulipia Kizingo. Alikuja kuaga akilia, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Wa pili akaenda likizo ya wiki moja kwao Kilifi, na hakurudi. Bi Mwalimu akabaki na watoto arobaini peke yake. Alikuwa akija na unga wa nyumbani kwake ndani ya mfuko wa plastiki, viganja viwili vitatu. Nikimwambia, "Bi Mwalimu, leo usije, pumzika," hunijibu, "Wakija wakakuta pamefungwa wataenda wapi?" Nilikaa naye, nikakoroga uji. Mweka hazina asiye na hazina aweza walau kukoroga.

Sitaki kusema kwamba bila lile kontena tungeokoka. Huenda tungefika Agosti na robo tatu ya theluthi, tukashukuriwa vilevile kwa ushirikiano mwema. Kukiweka hai kitu kama kile, ambacho kila mtu anakipenda na hakuna anayeweza kukilipia, ni kama kubeba maji kwa viganja: hata ukibana vidole vipi, unapofika yamebaki matone. Lakini matone tuliyokuwa nayo yalikuwa yetu, na niliyamwaga mimi.

Barua ya shukrani ilikuja juma la mwisho la Agosti. Ijumaa yake tukafunga chekechea. Hatukufanya sherehe, Bi Mwalimu aliwaimbisha watoto nyimbo zao zote mfululizo, kisha akawapa kila mmoja kitabu chake cha michoro. Wazazi wakaja wakachukua watoto, wengine wakachukua na kiti, kwa kuwa viti vile walivileta wao. Hakuna aliyenilaumu usoni. Walinisalimu kwa adabu zote, jino la mama mkubwa na kila kitu, nami nikajibu moja baada ya jingine, alhamdulillahi, alhamdulillahi. Fundi alinishika mkono muda mrefu. "Heri ikija," akasema, "tutafungua tena." Bado aliamini. Na mimi, Mungu anisamehe, bado niliamini. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: kontena likifika Oktoba, tunafungua Januari.

Wa mwisho kufika alikuwa mama wa Kitaita. Ilikuwa baada ya adhuhuri, chumba kimebaki na sufuria na mimi, Bi Mwalimu yuko uani anamnawisha yule binti uso. Mama aliingia akiwa na kitambulisho cha kazi shingoni, faili kwapani, jasho limemtoka kwa kukimbia. Akasalimu mara mbili. Kisha akafanya jambo ambalo kwa miezi minne hakuna mtu aliyenifanyia.

"Mweka hazina, samahani, naomba kuuliza. Ile heri mliyosema, ilikuwa ni nini?"

Nilitazama mlangoni, nikatazama barazani, hakuna mtu. Nikamweleza. Nikamweleza yote kwa sauti ya chini: siku tisini, mali isiyo na mwenyewe, zamu kwa umri, Kizingo wanaoanza na minne. Nikamwambia kwamba barua yetu iko kwa mtu mwenye sare na kwamba kilichobaki ni namba tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakucheka, hata kidogo. Aliweka faili juu ya dirisha.

"Mimi ni karani kwa wakala wa kutoa mizigo, pale Kilindini," akasema. "Huu ni mwaka wa kumi na moja. Mzigo usiochukuliwa hutangazwa, halafu hupigwa mnada. Anayetoa bei ya juu ndiye anayeuchukua, na hela zinalipa ushuru na gharama za kuuhifadhi. Hakuna chekechea inayopewa kontena, iwe ya watoto wakubwa au wadogo. Hakuna orodha, hakuna zamu. Haijawahi kutokea."